Tarehe ya Wino Mweusi

Kila hoteli ya chai kando ya barabara kuu pale Free Area, Nakuru, ina kalenda ukutani. Moja ilitoka duka la dawa za mifugo, nyingine ilitoka sako, na ya tatu ina picha ya mwanasiasa aliyeanguka uchaguzi uliopita na bado anatabasamu. Zote zimechapwa kwa rangi mbili: siku za kawaida kwa wino mweusi, sikukuu kwa wino mwekundu. Zile nyekundu hata mtoto wa shule ya msingi anazijua kwa moyo: 1 Juni, Madaraka, 20 Oktoba, Mashujaa, 12 Desemba, Jamhuri. Ndizo siku taifa linapojipiga kifua, magwaride yakapita na hotuba zikasomwa.

Asubuhi moja niliweka kidole juu ya 24 Januari nikakiacha hapo. Mama aliyekuwa akimimina chai akaniangalia.

"Unatafuta holide, mzee? Mwezi huo hauna. Ukishamaliza Mwaka Mpya, ni kukaza mshipi mpaka Pasaka."

Alisema kweli. Januari ya Kenya ni mwezi wa karo, sare za shule na mifuko mitupu, hata vijana wakaubatiza Njaanuari. Nakuru huwa kavu wakati huo. Upepo huinua vumbi upande wa Menengai na kulimwaga juu ya mabati, juu ya mitumba, juu ya mandazi yasiyofunikwa. Tarehe 24 hupita kama 23 ilivyopita. Matatu zinasimama, makanga wanaita Lanet, Gilgil, Naivasha, na hakuna anayepandisha bendera.

Hata hivyo, mtu akitaka kuieleza nchi hii kwa kutumia tarehe moja tu, angefanya vyema kuziacha zile nyekundu na kuishika hii nyeusi. Katika muda wa miaka 67, Kenya ilitikiswa mara nne siku ya 24 Januari. Tatu kati ya hizo zilitokea ndani ya Bonde la Ufa la kati. Iliyobaki ilitokea kwenye viunga vya Nairobi, lakini mizizi yake na matawi yake yamo humu humu bondeni. Katika kila moja kuna jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, na kando yake kuna mtu ambaye masimulizi humpita bila kumsalimu. Sura hii inawahusu wote wawili.

Ijumaa, 1941

Yapata saa tisa za usiku, lori la maziwa lilikuwa likielekea Nairobi. Karibu na njiapanda ya Karen na Ngong, waliokuwa ndani yake wakaona gari aina ya Buick limetumbukia kando ya barabara, taa zikiwaka. Ndani mlikuwa na Mzungu aliyepigwa risasi kichwani. Kulipopambazuka koloni nzima ilijua ni nani: Josslyn Hay, Lord Erroll, mwenye umri wa miaka 39, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria na afisa katika makao makuu ya jeshi.

Erroll alikuwa mtu wa bonde letu kabla hajawa wa Nairobi. Alipofika Kenya katika miaka ya 1920 alikaa Wanjohi, chini ya milima ya Nyandarua, katikati ya walowezi waliopewa jina la Happy Valley kwa sababu ya ulevi, karamu na kubadilishana wake. Baadaye akahamia Oserian, kwenye ufuo wa ziwa Naivasha, shamba ambalo vizazi vilivyofuata vimelijua kwa maua ya kuuzwa Ulaya. Mwaka 1934 alijiunga na chama cha mafashisti wa Uingereza, na hilo halikumzuia kupanda ngazi katika siasa za walowezi.

Aliyeshtakiwa kwa kumuua ni Sir Jock Delves Broughton, mume mzee wa Diana, mwanamke kijana ambaye Erroll alikuwa akimpenda hadharani. Kesi iliunguruma Nairobi huku Ulaya ikiwaka moto wa vita, na tarehe 1 Julai 1941 mshtakiwa akaachiliwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, alijiua mjini Liverpool. Hakuna mwingine aliyehukumiwa. Mwaka 1982 mwandishi James Fox alichapisha kitabu *White Mischief* juu ya kisa hicho, na mwaka 1987 kikatengenezewa filamu. Mpaka leo wapo watu Uingereza ambao hawajui lolote kuhusu Kenya ila kwamba kuna bwana mmoja aliuawa ndani ya gari.

Kwa mtu wa Free Area, kisa hakiishii mahakamani. Kinaendelea kwenye hatimiliki za mashamba. Mwaka 1943 Diana aliolewa na Gilbert Colvile, mfugaji tajiri wa upande wa Naivasha. Mwaka 1955 akaolewa na Lord Delamere wa nne, na Colvile alipofariki, sehemu kubwa ya mali yake ilimwangukia Diana. Panda matatu ya Nairobi hapo Free Area. Ukishapita Mbaruk, tazama mkono wa kulia. Nyasi zile zinazoteremka hadi ziwa Elementaita ni Soysambu, shamba la akina Delamere, ekari zipatazo 48,000. Unaweza kusinzia, ukaamka, na bado dirisha linaonyesha nyasi zile zile.

Sasa turudi kwenye tarehe. Siku hiyo hiyo, 24 Januari 1941, majeshi ya Jenerali Alan Cunningham yalivuka mpaka kutoka Kenya na kuingia Somalia iliyokuwa chini ya Waitaliano. Ndani ya majeshi hayo walikuwamo askari wa King's African Rifles, ile KAR ambayo wazee wetu waliiita Keya. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Februari, Mogadishu ilianguka. Vijana waliotoka katika vijiji vya Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walitembea kwenye jua kali kwenda kuubomoa ufashisti wa Mussolini, siku ile ile Nairobi ilipokuwa ikimlilia mtu aliyewahi kuchukua kadi ya chama cha mafashisti. Vitabu vya kusisimua viliandikwa juu ya kitanda cha Diana. Wale wa lori la maziwa, waliotangulia kuiona maiti, hupewa mstari mmoja. Wale waliovuka mpaka hawapewi hata huo.

Jumamosi, 1953

Miaka kumi na miwili ikapita. Vita vya dunia vilikuwa vimeisha, na askari wa Keya walikuwa wamerudi nyumbani kukuta ardhi ikiwa mikononi mwa walewale. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Jomo Kenyatta na wenzake wamekamatwa, na msituni Nyandarua kulikuwa na vijana waliokula kiapo.

Usiku wa Jumamosi, 24 Januari 1953, wapiganaji wa Mau Mau waliingia katika shamba la Roger Ruck huko Kinangop, uwanda wa juu unaolitazama ziwa Naivasha. Walimuua Ruck na mkewe Esme, daktari ambaye alikuwa akiwatibu watu wa mtaa ule. Wakamuua pia mtoto wao Michael, mwenye umri wa miaka sita, chumbani mwake. Mfanyakazi Mwafrika wa shamba hilo naye aliuawa.

Picha ya chumba cha mtoto ilizunguka dunia. Ndiyo iliyowafanya wasomaji wa magazeti London waamue, kabla ya kuuliza swali lolote, vita hivi vilikuwa vya namna gani. Kabla wiki haijaanza vizuri, walowezi wapatao elfu moja na zaidi waliandamana hadi ikulu ya gavana Nairobi, wakisukumana na askari Waafrika waliokuwa wakiilinda. Gavana Evelyn Baring hakutoka. Aliyejitokeza kuwatuliza alikuwa Michael Blundell, kiongozi wa walowezi na mkulima wa Subukia, kaskazini mwa Nakuru.

Kuuawa kwa mtoto hakuna hoja inayoweza kukupamba, na sitajaribu. Ninachouliza ni hesabu iliyofuata. Katika miaka yote ya hali ya hatari walowezi waliouawa ni 32. Waafrika waliouawa na Mau Mau walikuwa zaidi ya 1,800. Serikali ya kikoloni iliwanyonga watu 1,090. Na hapa kwetu bondeni, adhabu haikungoja kamba. Makumi ya maelfu ya Wakikuyu waliokuwa wakiishi kwenye mashamba ya Wazungu kama maskwota waling'olewa na kupakiwa kwenye malori na magari ya moshi, wakapitishwa kambi za muda kama za Gilgil na Nakuru, wakarudishwa "kwao". Neno hilo naliweka kwenye alama za kunukuu kwa sababu wengi walikuwa wamezaliwa humu humu, na wengine hawakuwa na jamaa wala shimo la viazi huko walikopelekwa. Baba zao walishaonja fagio la serikali katika miaka ya 1920, mifugo yao ilipopunguzwa kwa nguvu mpaka zizi likabaki kinyesi, wakaliita Kifagio. Safari hii walifagiliwa wenyewe.

Mwezi wa Machi, usiku mmoja wa tarehe 26, Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha wakachukua bunduki na kuwafungulia wafungwa. Usiku huo huo, kule Lari, nyumba za walinzi wa serikali na jamaa zao zilichomwa, makumi ya wanawake na watoto Waafrika wakiwa ndani. Kisha kikafuata kisasi cha vyombo vya serikali kilichoua wengine wengi. Lari ilikuwa na watoto wengi wa umri wa Michael Ruck. Hakuna picha ya chumba cha mmoja wao iliyokaa katika kumbukumbu ya dunia.

Na yule mfanyakazi wa Kinangop? Simulizi nyingi humtaja kwa neno moja tu, mtumishi. Alikufa usiku mmoja na waajiri wake, kwenye shamba moja, kwa silaha zile zile. Kwa walowezi alikuwa ushahidi wa uaminifu; kwa wapiganaji alikuwa msaliti. Hakuna upande uliomwona kama mtu aliyekuwa kazini Jumamosi usiku.

Ijumaa, 1964

Ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na benchi nililokalia. Kutoka Free Area ukifuata barabara upande wa Nairobi, stendi chache tu mbele, unafika Lanet, penye kambi ya jeshi ambayo leo ina Chuo cha Kijeshi cha Kenya. Mwaka 1964 kambi hiyo ilikuwa makao ya kikosi cha 11 cha Kenya Rifles. Wiki sita kabla, kikosi hicho kilikuwa kikiitwa cha 11 cha King's African Rifles. Mfalme aliondolewa kwenye jina usiku wa uhuru. Mshahara haukubadilika, na maofisa wakubwa walibaki Waingereza.

Afrika Mashariki nzima ilikuwa ikitetemeka mwezi huo. Tarehe 12 Januari mapinduzi yalimng'oa Sultani Zanzibar. Tarehe 20 askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito nje ya Dar es Salaam, wakitaka nyongeza ya mshahara na maofisa Waafrika. Tarehe 23 ikawa zamu ya Jinja, Uganda, ambako askari walimzuia waziri Felix Onama aliyekwenda kuzungumza nao. Redio ilikuwa inasafiri haraka kuliko amri za makamanda.

Jioni ya Ijumaa, 24 Januari, askari wa Lanet walikuwa wakimngoja Waziri Mkuu Kenyatta. Walikuwa wametarajia kumwona kwenye televisheni, na walitumaini kwamba atatangaza nyongeza ya mshahara. Kenyatta hakuonekana. Huenda hotuba ilikuja kwa redio tu upande wa Nakuru. Nyongeza, kwa vyovyote, haikuja. Vijana wa vyeo vya chini wakavunja ghala la silaha.

Kwenye gwaride la 12 Desemba hatukumbushwi kilichofuata. Serikali iliyokuwa na uhuru wa siku 43 iliwaita Waingereza. Wapiga mizinga wa kikosi cha 3 cha Royal Horse Artillery, waliokuwa bado kambini Gilgil, walikuja kwa barabara hii hii, wakapita Elementaita na Mbaruk, wakaingia Lanet usiku na kulikomboa ghala. Askari mmoja Mwafrika alipigwa risasi akafa. Siku iliyofuata, baada ya mivutano, walioasi waliweka silaha chini.

Kenyatta hakukubali kujadiliana nao. Askari 43 walifikishwa mbele ya mahakama za kijeshi: mtu mmoja kwa kila siku ya uhuru, ingawa hakuna aliyekusudia hesabu hiyo. Kikosi cha 11 kikavunjwa. Wale 340 ambao wapelelezi waliwaona hawana hatia wakaundiwa kikosi kipya, cha 1 cha Kenya Rifles. Kisha, kimyakimya, karibu kila walichokidai waasi kikatolewa. Mishahara ikapanda, hali ya kambini ikatengenezwa, uteuzi wa maofisa Waafrika ukaharakishwa, na mwaka 1966 Joseph Ndolo akawa Mkenya wa kwanza kuliongoza jeshi. Pamoja na hayo, watu wa usalama waliagizwa kujipenyeza jeshini na kutega masikio. Tarehe 3 Juni 1964 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa ulinzi.

Nchi tatu zilipata ugonjwa mmoja ndani ya siku tano, na kila moja ikanywa dawa yake. Julius Nyerere wa Tanganyika alilivunja jeshi zima na kuanza upya. Jeshi lake jipya, JWTZ, lilizaliwa Septemba ya mwaka huo. Milton Obote wa Uganda aliwatuliza askari kwa fedha na vyeo, na mmoja wa waliopanda ngazi akiwa chini yake, Idi Amin, alimpindua tarehe 25 Januari 1971. Kenyatta aliadhibu kwa mkono mmoja na kutoa kwa mwingine. Jeshi la nchi kavu la Kenya halijawahi kuipindua serikali. Lile jaribio la 1 Agosti 1982 lilikuwa la wanahewa. Wapo wanaosema Lanet ndipo Kenya ilipochanjwa.

Inawezekana. Lakini chanjo iliacha kovu. Agosti 1963, miezi mitano kabla ya maasi, Kenyatta alikuwa amekuja Nakuru kuzungumza na mamia ya wakulima wa Kizungu waliofunga mizigo kwa hofu. Aliwaomba wabaki, wasameheane yaliyopita, wajenge nchi pamoja. Ulikuwa msamaha mkubwa, na wengi walifungua mizigo. Askari wa Lanet walipouliza fungu lao katika nchi ile ile mpya, jibu la kwanza lilikuja na mizinga kutoka Gilgil. Simlaumu mzee kwa kuogopa. Dar na Jinja zilikuwa zimemwonyesha moto. Ila kutoka Free Area mambo haya mawili yanaonekana kwa mtazamo mmoja: mlowezi aliombwa kwa upole, askari alijibiwa kwa risasi.

Vitabu vinapolieleza tukio hili huandika: mtu mmoja aliuawa. Huyo mmoja, hata akiwa na makosa, alikufa akiwa amevaa sare ya Kenya, wiki ya saba ya uhuru.

Alhamisi, 2008

Ya nne wengi wetu tuliiona kwa macho, kwa hiyo nitaisimulia polepole.

Uchaguzi ulifanyika Alhamisi, 27 Desemba 2007. Matokeo yakatangazwa tarehe 30, Mwai Kibaki akaapishwa jioni hiyo hiyo, mpinzani wake Raila Odinga akakataa, na nchi ikapasuka. Eldoret, Kisumu na mitaa ya Nairobi iliwaka kwanza. Nakuru, mji wa mchanganyiko kuliko mingi, ulikaa kwa wiki kadhaa ukipokea. Watu waliokimbia kutoka kaskazini mwa bonde walishuka na magodoro vichwani, wakajaa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Waliokuja walikuwa na habari za kusimulia, na kila habari ilimtia mtu hasira fulani. Kuni zilikuwa zinakauka.

Mpatanishi Kofi Annan alifika Nairobi tarehe 22 Januari. Siku mbili baadaye, Alhamisi, wiki nne kamili tangu siku ya kupiga kura, aliwatoa Kibaki na Raila kwenye ngazi za Harambee House wakapeana mikono mbele ya kamera. Watu walipiga kelele za furaha. Kisha Kibaki akajiita rais aliyechaguliwa kihalali, na wa upande wa pili wakanuna. Hata hivyo mikono ilikuwa imeshikana.

Usiku huo moto ulishika Nakuru. Mikono ilipoachana kule Nairobi, huku mapanga, rungu na mishale vilikuwa vikitembea kwenye mitaa ya Kaptembwo, Rhonda, Ponda Mali na kwingineko. Kwa siku nne hivi jirani alimwinda jirani kwa lugha aliyozaliwa nayo. Vizuizi vya mawe na magogo vilikata barabara kuu, ile inayopeleka mafuta na unga hadi Kampala, Kigali na Bukavu. Serikali ikatangaza kafyu. Jeshi likatoka kambini kuingia mjini kusaidia polisi. Tarehe 27 moto ukashuka Naivasha, ambako watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja.

Mwisho wa yote, tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Mkataba wa kugawana madaraka ulitiwa saini tarehe 28 Februari. Mambo ya Nakuru yalifika mbali zaidi: katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, waendesha mashtaka waliandika tarehe za mashambulizi ya Nakuru kuanzia 24 Januari hadi 27 Januari 2008. Januari 2012 majaji waliyathibitisha mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta na Francis Muthaura kuhusu Nakuru na Naivasha. Kesi ya Muthaura iliondolewa Machi 2013 na ya Kenyatta Desemba 2014, waendesha mashtaka wakisema hawana ushahidi wa kutosha. Hakuna aliyehukumiwa The Hague kwa yaliyotokea hapa. Kama ilivyokuwa kwa Erroll, maiti zilikuwapo, kesi ikawapo, na mwuaji hakuwapo.

Tarehe yetu ya wino mweusi imo sasa katika majalada ya Uholanzi, imeandikwa kwa lugha ya sheria. Waliokufa Kaptembwo na Rhonda wamo humo kama idadi.

Kwa nini Januari?

Msomaji anayependa unajimu atauliza kama tarehe hii ina mkosi. Atakumbusha hata kwamba Winston Churchill, aliyewahi kuwinda ngiri kwenye nyika za Elementaita mwaka 1907 na aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza siku Erroll alipouawa na tena siku Ruck alipouawa, alifariki tarehe 24 Januari 1965. Mimi sina mganga. Ukichagua tarehe yoyote ukaichimba kwa bidii, utapata mifupa.

Lakini mwezi wenyewe una neno la kusema. Desemba ya Kenya ni mwezi wa ahadi. Uhuru ulitolewa Desemba. Jamhuri ilitangazwa Desemba. Uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, wa 1997, wa 2002 na wa 2007 wote ulikuwa Desemba. Januari ndiyo mwezi wa kudai. Askari wa Lanet alisubiri siku 43 akiangalia kama uhuru utafika kwenye bahasha ya mshahara. Mpiga kura wa 2007 alisubiri wiki nne. Baada ya uchaguzi wa 1997 pia, Njoro na sehemu nyingine za wilaya ya Nakuru zilimwaga damu Januari 1998. Mdaiwa akiwa mkubwa na mdai akiwa mdogo, mdogo humgeukia jirani yake.

Na chini ya yote kuna udongo. Mashamba ya Wanjohi, nyika za Soysambu, uwanda wa Kinangop, mitaa ya Nakuru iliyojaa watoto na wajukuu wa maskwota: hadithi nne, swali moja. Nani ana haki ya kusema hapa ni kwao? Mwaka 1941 jibu lilikuwa kwenye hatimiliki ya bwana. Mwaka 1953 lilikuwa kwenye kiapo, na kwenye lori la kuwahamisha watu. Mwaka 1964 lilisubiriwa kwenye televisheni. Mwaka 2008 liliulizwa mlangoni, usiku, na aliyekosea lafudhi alilipa.

Siku nyekundu haziwezi kubeba swali hilo. Zimetengenezwa kwa ajili ya majibu. Ndiyo maana nasema kalenda yetu inahitaji kusomwa upande wa wino mweusi, hasa na sisi tunaokaa mahali ambapo mizinga ya Gilgil ilipita na vizuizi vya mawe vikawekwa, ambapo kila jambo kubwa la nchi hii huonekana dirishani likielekea mahali pengine.

Niliporudi kwenye ile hoteli, mwezi ulikuwa ukikaribia kwisha na kalenda mpya ilikuwa imeshatundikwa. Ya zamani ilikuwa juu ya meza. Mama alikuwa amekopa makasi na kumketisha binti yake karibu naye, wakifunika vitabu vya shule, kwa kuwa karatasi ya kalenda ni ngumu na haichaniki upesi. Alikata, akakunja pembe, akabana kwa gundi. Kitabu cha hesabu kilipata uso wa mwanasiasa. Kitabu cha masomo ya jamii kilipata kipande cha juu kushoto, na binti alikikunja ili tarehe zikae ndani, upande mweupe utoke nje, apate mahali pa kuandika jina lake.

Aliliandika kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini. Januari nzima ilikuwa imelala upande wa pili.